Mto Usiokuwepo Musanda

Jumatatu ya kwanza ya muhula, duka la Roda la kuchapisha karatasi, hatua chache kutoka steji ya Kakamega, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Wanafunzi wa chuo walitaka ripoti zao zifungwe jalada kabla ya saa nne. Familia moja kutoka Shinyalu ilikuwa ikibishana ni picha gani ya marehemu iwekwe mbele ya programu ya mazishi, ile ya kofia au ile ya tabasamu. Mashine zilinguruma, wino ulinukia, na Roda mwenyewe, penseli sikioni, alikuwa akiitikia watu watano kwa mpigo.

Wendy Kageha alijipenyeza hadi kaunta. Alikuwa mpimaji ardhi wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Maragoli, na siku hiyo alivaa buti zenye udongo mwekundu, suruali ya jinzi na fulana ya kazi ya njano inayong'aa kama ndimu mbivu. Juu ya hayo yote alijifunga kilemba cha kitenge cha bluu, na herini za shanga zilicheza masikioni mwake kila alipogeuza shingo.

"Madam, hapa kuna foleni," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Kageha aligeuka. Alimwona kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kijivu lenye viraka vya ngozi viwikoni na tai iliyofungwa vizuri. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya wino wa rangi tatu.

"Na mimi niko wapi? Angani?"

"Uko mbele yangu. Nami niko hapa tangu Roda afungue mlango."

"Basi umeshazoea kungoja. Ongeza dakika mbili."

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, akarudi nyuma nusu hatua, akainama kidogo kama mtu anayempisha mheshimiwa. Roda alitoa karatasi mbili kubwa zilizoviringishwa, akazivisha mipira, akampa kila mmoja ya kwake. Ndivyo alivyodhani.

Saa mbili baadaye Kageha alikuwa Malava, katika boma la ndugu wawili waliotaka kugawana shamba la marehemu baba yao. Bosi wake, Clifford, alikuwa ameegesha pikapu kando ya mahindi. Kageha aliitandaza karatasi juu ya boneti, akaweka jiwe kila pembe, kisha akabaki ameduwaa, mikono hewani.

Halikuwa shamba. Ilikuwa Afrika Mashariki, lakini si ile aliyofundishwa shuleni. Uganda ilikuwa kubwa, imevuka milima, imeshuka bondeni hadi Ziwa Naivasha. Mistari ilikuwa myembamba kama unywele, milima imetiwa vivuli kwa mkono, maziwa yana bluu ya kina kirefu. Katikati, kwa herufi nzuri zenye mapambo, palikuwa na nyota na jina: Kakamega, Makao Makuu ya Mkoa wa Mashariki, Uganda.

Ndugu mkubwa alivaa miwani, akainama, akasoma polepole.

"Madam," alisema hatimaye, "kwa hivyo sisi ni Waganda? Tangu lini?"

"Na hakuna mtu alituambia," mdogo wake aliongeza.

Kageha alitaka kucheka lakini macho yake yalikataa kuondoka kwenye karatasi. Chini kabisa paliandikwa: *Dunia hii haikuwahi kuwa. Ni ya kubuni. T. Osundwa,* na nambari ya simu. Akapiga.

"Halo. Ni wewe umeipeleka Kakamega Uganda?"

Kwanza zilisikika kelele za watoto. Kisha ile sauti ya dukani. "Ni Waingereza waliitoa huko, mwaka wa elfu moja mia tisa na mbili. Walihamisha mpaka kwa kalamu. Mimi nimeurudisha tu."

"Basi rudisha na shamba la watu wa Malava, maana unalo."

"Kumbe ni shamba? Nilidhani Roda amenipa mchoro wa mabomba ya choo."

"Mabomba ya choo! Nimelichora wiki nzima, wewe!"

"Pole, madam. Linapendeza, kwa shamba. Nikuletee wapi?"

Jioni hiyo walikutana kwenye mkahawa mdogo karibu na bustani ya Muliro, wakabadilishana karatasi juu ya chai ya tangawizi. Titus Osundwa alikuwa mwalimu wa historia na jiografia katika shule ya kutwa pale mjini, mzaliwa wa Musanda. Alimweleza kwamba ilikuwa kweli, nchi yote hii iliwahi kuhesabiwa upande wa Uganda, hadi siku mpaka ulipohamishwa bila yeyote wa huku kuulizwa.

"Wewe unachora ambacho hakikutokea," Kageha alisema. "Kazi yangu mimi, mstari ukikosea upana wa kiganja, watu wanashikana mashati."

"Ndiyo maana nataka uje uone zilizobaki. Jumamosi. Mchana, usiogope. Dada yangu Phoebe atakuwepo."

"Nani amesema naogopa?"

Jumamosi alienda Amalemba, alikopanga Osundwa, amevaa gauni la maua ya zambarau na viatu vya kufunika, nywele zimesukwa upya. Phoebe alimkaribisha kwa chai na mandazi. Kageha alishika kikombe, akaingia sebuleni, akasimama. Kikombe kile kilipoa mkononi mwake bila kuguswa.

Kuta zote nne zilikuwa dunia. Katika ramani moja dhahabu ya Kakamega, ile iliyoleta wazungu mbio miaka ya thelathini, haikuisha. Mji ulikuwa umejaa hadi Lurambi na kupita, reli sita zikikutana katikati yake, na Kisumu ilikuwa kijiji kidogo cha samaki pembeni. Katika nyingine, wale waliokaa Berlin kuigawa Afrika waligombana siku ya tatu, wakafunga mizigo wakaenda kwao. Hapo bara lote liligawanywa na maji. Palikuwa na taifa la Naili, taifa la Kongo, taifa la Zambezi, na kila mpaka ulipita juu ya mgongo wa milima, pale tone la mvua linapochagua upande wa kuteremkia.

"Hapa pia wanaishi watu?" Kageha aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu aliye kanisani. Kidole chake kilikuwa juu ya mji mdogo kwenye kingo za taifa la Naili.

"Wanaishi. Huo ni mji wa wafinyanzi. Wanatuma vyungu kwa maji hadi Misri. Watoto wao wanajifunza lugha tatu, ya juu ya mto, ya kati na ya chini."

"Na mimi ningekuwa wapi?"

Osundwa alimtazama. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Nyinyi wa Maragoli mmezoea vilima. Nadhani ungekuwa mlinzi wa mpaka, kule mashariki kwenye mgongo wa maji. Ungekuwa unasimama kileleni, mvua ikinyesha, ukiangalia inaamua nini."

Kageha alirudi kuitazama ramani. Alikuwa amepima mashamba miaka minne, na kila bikoni, ile alama ya mpaka, aliyoizika ardhini aliiona ngumu na ya milele. Sasa, kwa mara ya kwanza, alihisi kwamba kila mstari aliowahi kuukanyaga ungeweza kulala mahali pengine, na watu wengine kabisa, wenye majina mengine, wangekuwa wakipita juu yake wakienda sokoni. Akaketi.

"Nimekuumiza?" Osundwa aliuliza.

"Hapana, wewe. Niache kidogo. Nahisi kama nimechungulia mbinguni kwa dirisha la jikoni."

Phoebe, akiwa mlangoni, alitabasamu, akaenda kuongeza maji ya chai.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Osundwa alimpigia wakati wa mapumziko, wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake. "Mlinzi wa mpaka, umekula?" Kageha alimpigia akiwa katikati ya mashamba ya watu. "Mwalimu, leo nimepita kwa bonde zuri hapa, hata huwezi kulibuni." Wakati mwingine Osundwa alimwimbia vibaya makusudi, mpaka Clifford akauliza kwa nini mpimaji wake anacheka peke yake kwenye mtaro.

Mwezi wa tatu Osundwa alimpeleka Musanda kumwona bibi yake, Kukhu Nabwire, mama mwenye macho makali na kicheko cha msichana. Alipika obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, akamlazimisha Kageha aongeze mara mbili. Baada ya kula aliwasimulia jinsi nchi ile ilivyokuwa kabla ya miwa kuja. Ng'ombe walilishwa wapi, vijia vya sokoni vilipita wapi, boma la nani lilikuwa upande gani. Osundwa aliandika kila neno.

Waliporudi mjini alianza kuchora. Ilikuwa Musanda ambako miwa haikufika kamwe, na miaka hamsini mingine ilipita juu yake. Palikuwa na malisho, mabwawa ya samaki, soko la mviringo, shule yenye uwanja mkubwa. Kageha alimwonyesha jinsi ya kuweka bikoni na nambari za viwanja ili nchi hiyo ionekane kama iliyopimwa, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kichwa cha ramani na majina ya maboma, kwa zile herufi zake zilizonyooka za kiofisi. Walikaa bega kwa bega mezani, kalamu zikikwaruza, na alasiri moja Osundwa alipougusa mkono wake, Kageha hakuuondoa. Maji, mito na visima, Osundwa aliyamaliza peke yake, kwa wino wa bluu.

Nakala moja alimpa zawadi baba yake mdogo, Chrispinus, aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yake kufariki.

Jumanne moja asubuhi Clifford alimwita Kageha ofisini, akafunga mlango. Alimpa simu.

"Hii ni kazi yako?"

Ilikuwa picha ya ramani ile. Juu yake mtu alikuwa ameandika: *Ramani ya zamani ya serikali imepatikana! Ardhi yetu ilivyokuwa kabla ya kuibwa.* Mstari wa chini haukuwepo. Karatasi ilikuwa imekunjwa hapo kabla ya kupigwa picha.

"Ni maandishi yako, Wendy. Nayajua kama yangu. Jana watu kumi na wawili wa ukoo wa kina Osundwa kule Musanda wameingia kwa shamba la mjane anaitwa Namalwa wakiwa na hiyo picha. Wamefyeka miwa yake ikiwa michanga. Mlinzi wake amekatwa kwa panga mkononi. Chifu anauliza ofisi yangu inachora ramani za nani."

Kageha aliirudisha simu mezani. Ukoo huo aliujua. Alikuwa amekula nyumbani kwao.

"Nenda nyumbani kwanza," Clifford alisema, si kwa ukali. "Nikikuhitaji nitakuita."

Nje, kando ya barabara, alipiga simu.

"Titus, hiyo picha ya ramani umeiona?"

Nyuma ya Osundwa kengele ya shule ililia.

"Titus."

"Nimeiona."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Binamu yangu alinitumia."

"Wiki iliyopita!" Kageha alisimama. Mwendesha bodaboda alimpigia honi. "Jumamosi tumekula pamoja. Jumapili umeniimbia kwa simu. Na ulikuwa umeiona?"

"Nilidhani watachoka nayo, mpenzi. Nilidhani ni maneno ya kwenye simu tu. Nipe siku moja niende nizungumze na wao."

"Miwa ya mama wa watu imeshalala chini. Kuna mtu ameshonwa mkono. Siku moja ya kufanya nini?"

"Kageha wangu, nisikize."

"Usiniite wako. Ule mstari wa chini, nani ameuficha?"

Osundwa alijua. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na nakala. Lakini kulitamka jina la aliyemlea kama mwanawe, kwa simu, kwa mpimaji aliyeumizwa, kulimshinda.

"Sijui nikuambie nini," alisema.

"Basi umeshaniambia."

Kageha alikata simu. Moyoni mwake jambo lilikuwa wazi. Kipande kile cha Namalwa kilikuwa kinagombaniwa, na ramani ilikuwa imekitia upande wa kina Osundwa. Alikuwa ametafutwa, akabembelezwa, akatumiwa mkono wake. Alilia njia nzima bila kujificha.

Wiki mbili Osundwa alipiga, yeye hakushika.

Siku ya baraza, chifu aliagiza mwenye maandishi yale aje ajieleze, naye Clifford akampeleka. Kageha alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe kama mtu anayekwenda mahakamani, akabeba sanduku la mashine yake ya kupimia. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamesimama kando ya shamba lililofyekwa. Visiki vya miwa vilikuwa vimeanza kukauka. Namalwa, mama wa makamo aliyejitanda leso nyeusi, aliketi kwenye kiti cha plastiki bila kumtazama mtu yeyote.

"Madam," chifu aliuliza, akiinua ramani, "haya maandishi ni ya mkono wako?"

"Ni yangu, chifu, lakini..."

"Mmesikia!" Chrispinus aliruka juu. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya pama. "Saveya mwenyewe, huyu mpimaji, amekubali! Mnataka ushahidi gani tena?"

Kelele zilipanda. Kageha alijaribu kusema, maneno yake yakazama. Panga moja liliinuliwa, kisha la pili, na watu wa upande wa Namalwa nao wakaanza kusogea.

"Ramani ni yangu!"

Osundwa alikuwa ndiyo kwanza ashuke kutoka kwa pikipiki, koti lake la kijivu limejaa vumbi. Alipita katikati ya mapanga hadi mbele.

"Baba mdogo, nisamehe. Chifu, wazee, mama zangu, hii si ramani ya serikali. Niliichora mimi, nyumbani kwangu, kwenye meza ya kulia chakula. Ni hadithi."

"Nyamaza, Titus! Wewe ni mtoto, hujui hii ardhi!"

"Ndiyo, sijui. Ndiyo maana nilibuni." Alimwomba chifu ile karatasi, akaiinua juu, akaigeuza polepole kila upande waione. "Tazameni huu mto wa bluu. Unapita katikati ya soko, unazunguka shule, unateremka mpaka hapa tulipo. Nani ameshawahi kuchota maji yake?"

Watu walisongea. Mzee mmoja alisoma jina, akasita, akasoma tena.

"Mto... Kageha."

"Kageha? Huku kwetu?" mama mmoja alidakia. "Hakuna mto kama huo! Ungekuwepo, mimi ningekuwa nashukanga bondeni kila asubuhi na mtungi?"

"Haupo, mama," Osundwa alisema. "Kageha ni jina la huyu madam. Aliniandikia kichwa na majina ya maboma tu. Maji niliyaweka mimi. Nilitaka katika dunia ile watu wanywe maji yenye jina lake, na sikuthubutu kumwambia. Mto ni wa kubuni, na mpaka ni wa kubuni. Mkono ulioichora ni mmoja."

Mtu alicheka, mwingine akafuata, na kicheko kile kikapita kama upepo, mapanga yakashuka bila mtu kuamuru. Kageha alikuwa akiitazama karatasi. Alifuata mstari wa bluu kwa macho kutoka juu hadi chini, mto mzima wenye mikono na vijito, na visima vidogo kandokando yake. Uso ulimwaka. Hakujua kama anataka kumpiga au kumshika.

"Na kuna lingine," Osundwa aliendelea. "Picha hii niliiona siku nyingi kabla miwa haijafyekwa. Nilinyamaza. Mama Namalwa, hilo ni kosa langu, simsingizii mtu."

"Hapa chini karatasi imekunjwa. Aliyeikunja nani?" chifu aliuliza, akionyesha.

Osundwa alimrudishia karatasi. Kukhu Nabwire ndiye aliyeinuka, akiegemea bega la jirani.

"Chrispinus, mwanangu. Siku ile karatasi ilipoletwa, nilisomewa yote. Ilikuwa na maneno chini. Yalikuwa yanasema ni ya kubuni. Yalienda wapi?"

Chrispinus alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo.

"Chifu," Kageha alisema, na safari hii kila mtu alimsikia, "ramani halali ya hapa ninayo. Nipeni nusu saa."

Alivua viatu vya ofisini, akavaa buti zake. Alisimamisha mashine juu ya miguu yake mitatu, akapima, akatembea, akapima tena, akavuka visiki na kuingia kwenye miwa ya kina Osundwa huku umati ukimfuata. Kisha akasimama.

"Chimbeni hapa."

Vijana wawili walichimba. Udongo mwekundu, mizizi, udongo tena. Jembe liligonga kitu. Kageha alipiga magoti, akapangusa kwa mikono yake, na chuma kidogo kilichozungushiwa saruji, bikoni ya zamani, kikatokeza, na namba yake bado imechorwa. Wazee walivua kofia. Kilikuwa kimekaa gizani miaka mingi kuliko umri wa wengi waliokuwa pale, miwa imepandwa na kuvunwa juu yake, watu wamezaliwa na kuzikwa, na hakikuwa kimesogea.

Kilikuwa hatua nne ndani ya shamba walilokuwa wakililima kina Osundwa. Ukoo haukupata kitu. Ulipoteza ukanda mzima, pamoja na miwa iliyokuwa juu yake.

Chrispinus alipita karibu na Osundwa akielekea nyumbani. "Ulikuwa mwanangu," alimwambia. Osundwa aliinamisha kichwa.

Kageha alirudishwa kazini wiki hiyo hiyo. Hakupiga simu, na Osundwa, akiona kwamba amesema yote aliyokuwa nayo, hakumsumbua.

Miezi mitatu ilipita. Siku moja Namalwa alikuja ofisini kuchukua nakala ya ramani yake.

"Yule mwalimu wako," alisema akikunja karatasi, "anakujanga kwangu kila Jumamosi kupanda miwa upya. Hakuna mtu alimtuma. Anashika jembe kama chaki, maskini. Nimemwambia atosheke, hataki. Mlinzi wangu alikuwa hataki hata kumwona. Siku hizi wanakunywa chai pamoja."

"Bado anachora?"

"Nilimwomba amchorie mjukuu wangu kitu. Alisema mikono yake imekataa."

Kageha alingoja mpaka Namalwa aondoke, akachukua simu.

"Halo," Osundwa aliitikia, kama mtu anayeogopa kuivunja sauti.

"Mwalimu."

"Madam."

"Nasikia unashika jembe kama chaki."

Pumzi ndefu ilisikika. "Nilidhani nimekuwa hodari."

"Kwa nini siku ile hukuniambia kwamba si wewe uliyekunja?"

"Ningekuwa nimejificha nyuma ya jina la mzee. Na mimi kosa langu lilikuwa langu. Niliogopa, Wendy. Nilinyamaza kwa uoga, basi."

Kageha alizungusha kalamu mezani. "Jumapili una kazi?"

"Sina."

"Nipeleke Lirhanda. Asubuhi na mapema."

Walipanda kilima cha Lirhanda jua likiwa halijatoka. Kageha alivaa gauni la bluu, sweta nyeupe na raba; Osundwa alivaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Hawakushikana mikono. Kileleni waligeuka pamoja.

Msitu wa Kakamega ulikuwa chini yao, hauna mwisho wa kuonekana. Ukungu mweupe ulijaa mabondeni, na vilele vya miti vikielea juu yake. Jua lilichomoza, ukungu ukageuka waridi, kisha dhahabu, ukaanza kuinuka kwa vipande kama shuka linalovutwa polepole. Mbega waliunguruma mahali fulani ndani yake, kundi moja, kisha la mbali likajibu, kisha la mbali zaidi. Hondohondo wawili walipita chini ya miguu yao, mbawa zikivuma.

Kageha alinong'ona, "Sema kitu. Sema vile ulivyokuwa unasema. Sema 'kama'."

"Siwezi tena."

"Jaribu. Niko hapa."

Osundwa alitazama miti iliyokuwa chini yao. "Wataalamu wanasema msitu huu ulikuwa umeungana na ule wa Kongo," alianza. "Hiki ni kipande kilichobaki. Kama usingekatika... kama mvua isingepungua zamani zile, hapa pangekuwa mwanzo wa kivuli kimoja. Mbega angetoka kwa ule mti pale, akaruka mti kwa mti, Uganda yote, Kongo yote, mpaka aione bahari ya upande wa machweo, na mguu wake haujagusa udongo. Mtoto angezaliwa, akazeeka, hajaona jua likiwa zima. Tungekuwa na majina arobaini ya rangi ya kijani. Watu wangepimana umbali kwa milio ya ndege. Na usiku ule ambao upepo ungefungua majani, nyota zikaonekana, kila kijiji kingetoka nje, kingeketi chini, kingetazama."

Kageha alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aliuona. Kwa mbali, ng'ambo ya mashamba na mabati, aliuona msitu ule ukiendelea na kuendelea.

"Na mimi?" aliuliza. "Ningepima nini huko?"

"Vivuli."

Alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika mkono. Ulikuwa na malengelenge ya jembe.

"Wendy," Osundwa alisema, "kuna neno moja ambalo sitaki kuliwekea 'kama'. Nataka kukuoa. Baba mdogo hatakuja. Bado hataki kuniona. Lakini Kukhu amesema yeye mwenyewe atatangulia, hata kama ni kubebwa."

Kageha alimtazama, akatazama msitu, akamtazama tena. "Utachora?"

"Ukitaka."

"Nataka. Na kila karatasi nitaisoma mimi kwanza, mpaka neno la mwisho, kabla haijatoka mlangoni."

"Hiyo ni ndiyo?"

Kageha alitoa simu mfukoni mwa sweta, akapiga, akaiweka sikioni huku mkono mwingine ukiwa bado umemshika.

"Mirembe, mama. Umeamka? Ndiyo, niko salama... Mama, mwezi wa nane mwishoni msiende popote. Ambia na baba pia. Kuna wageni."

"Wageni gani?" sauti ya mama yake ilisikika mpaka nje ya simu.

"Wa kutoka Musanda. Wataongozwa na bibi mmoja, mmtafutie kiti kizuri."

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile vilikuwa vikali kiasi kwamba ndege waliruka kutoka kwenye mti wa karibu. Osundwa aliketi kwenye nyasi zenye umande, hivyo hivyo na shati lake jipya, na Kageha, bado akiongea na mama yake, akaketi kando yake.